Magauni ya Mwenzio

Siku lile begi lilipoingia nyumbani ilikuwa Jumanne ya kawaida kabisa. Fundi alikuwa anabadilisha zipu ya sketi ya mwalimu, redio inasoma bei za mazao, chai imepoa pembeni ya cherehani mpaka imefanya utando. Mumewe aliingia, akaliweka begi juu ya meza ya kukatia, akalipangusa vumbi kwa kiganja.

"Nguo za mwenzio hizi," alisema. "Vaa. Kitambaa cha namna hii siku hizi hukipati."

Mwenzio. Hilo ndilo jina pekee alilolitumia kumtaja mke wake wa kwanza, ambaye mtaa mzima ulijua kwamba alitoroka na mwanamume miaka mitatu nyuma, akamwachia mumewe aibu na nyumba tupu. Mwenzio alikuwa anapika hivi. Mwenzio hakuwa na maneno mengi. Mwenzio alikuwa na shingo, wewe acha tu. Na Fundi, ambaye hajawahi kumwona huyo mwenzie hata kwenye picha, alikuwa anamwonea wivu wa kumkosesha hamu ya kula. Tusimfichie. Mwanamke mzima, mwenye mikono yake ya dhahabu na wateja wake, anamwonea wivu mtu aliyekwisha kwenda zake. Lakini wivu ule haukuota wenyewe. Uliletwa mezani kidogo kidogo, kila siku, pamoja na chakula.

Jina la Fundi alipewa na wateja, mumewe naye akalichukua. Mumewe watu walimwita Mpole, kwa kuwa hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuwa mtunza stoo kwenye ghala la mbao. Kila asubuhi alifunga geti la nondo kwa nje, akaondoka na ufunguo, akarudi saa saba kula, akafunga tena akatoka. Wezi ni wengi, alisema. Basi wateja wakawa wanapitisha vitambaa vyao dirishani, na wanawake wakawa wanapimwa wakiwa wamesimama nje, Fundi ametoa mikono yake miwili kati ya nondo na futi ya kupimia shingoni, kama mfungwa anayesalimiana na ndugu zake. Zamani alikuwa na fremu yake ya kushonea sokoni, yeye na mashoga zake wawili, kicheko kutwa. Mpole ndiye aliyemtoa huko. "Sitaki kila mwanamume apite anakukodolea macho," alimwambia, na siku ile Fundi alijiona amependwa kuliko wanawake wote duniani.

Magauni yalikuwa manane. Fundi aliyatandika mezani moja moja, akayageuza ndani nje, maana fundi hatazami nguo, anatazama mishono. Akakubali kwa uchungu kwamba mwenzie naye alijua sindano. Mishono ya mkono, midogo, iliyonyooka. Jambo moja tu lilikuwa la ajabu. Magauni yote manane yalikuwa yameshonwa bila mikono, halafu mikono ikaongezwa baadaye. Gauni la maua lilikuwa na mikono ya kitambaa cha shuka. Lile la kijani, jepesi kabisa la kuvaliwa kwenye jua kali, lilikuwa na mikono mizito ya kahawia inayofika kwenye viganja. Hakuna fundi mwenye akili zake anayeweza kuoanisha vitambaa hivyo.

"Mwenzio alikuwa anajiheshimu," Mpole alieleza, akitabasamu. "Alijifunika."

Fundi akavaa la kijani siku ileile. Kama ni kujiheshimu, na yeye atajiheshimu. Na kusema kweli alikuwa na sababu yake ya kutaka mikono mirefu wiki ile. Juzi yake mume wa mwalimu alikuja kuulizia sketi, akasalimia dirishani, akachekeshwa na jambo, akacheka. Mpole aliposikia habari hiyo hakupiga kelele. Alimshika Fundi mkono wa kulia juu ya kiwiko, akaubana, akamwuliza polepole alichochekea yule bwana, akaendelea kuubana mpaka akapata jibu alilolitaka. Alama za vidole zilianza na wekundu, zikaja na zambarau.

Fundi alimpigia simu dada yake. Dada alicheka kidogo. "Mume anayekuchunga ni mume anayekutaka, mdogo wangu. Wangapi wanatafuta hivyo hawapati? Vaa mikono mirefu, yataisha."

Ijumaa asubuhi alikuta mikono ya gauni la kijani imetoka.

Haikuchanika. Ilifumuliwa. Tundu moja baada ya jingine, bila kuumiza kitambaa, kazi ya mtu asiye na haraka. Mikono yenyewe ilikuwa imekunjwa vizuri mezani, mmoja juu ya mwenzake, na uzi uliofumuliwa umeviringwa kando ukawa kijidonge kama punje ya njegere. Fundi alidhani amefanya mwenyewe akasahau. Akairudisha kwa cherehani. Alipotoka kuoga, imetoka tena. Geti lilikuwa limefungwa na Mpole yuko kazini.

Jumamosi akashona kwa uzi wa kushonea viatu. Akaenda jikoni kugeuza maharage. Akarudi. Mikono ipo mezani, imekunjwa. Kijidonge cha uzi kipo.

Mwingine angekimbilia kuita watu. Fundi hakuogopa, na hapo ndipo utajua wivu unavyomtia mtu upofu. Alikasirika. Moja kwa moja akaona kwamba yule mwanamke amerudi mjini, kwamba ana ufunguo wake wa zamani, kwamba anaingia na kutoka atakavyo, na kwamba hataki nguo zake zivaliwe na mtu mwingine. Akaanza kunusa mashati ya Mpole yakirudi kutoka kazini. Akahesabu vikombe. Akalala akijiuliza wanakutana wapi. Alimchukia mwenzie kwa nguvu zake zote, na mwanamke aliyefungiwa ndani ana nguvu nyingi ambazo hazina pa kwenda.

Jumatatu akamwekea mtego. Alivaa lile gauni la kijani mwilini, mikono imeshonwa mara tatu, akakaa kwenye kiti chake mbele ya cherehani saa sita mchana, mlango wa chumba mbele yake, dirisha ubavuni. Jua limejaa chumbani. Mtaani watoto wanatoka shule. Akazima redio.

Akangoja.

Kitu kikamgusa begani.

Kilikuwa kidogo sana, kama inzi. Kisha akasikia uzi ukikatika. Tik. Akatazama bega lake la kulia. Mshono ulikuwa unafunguka. Uzi mmoja ulinyanyuka peke yake, ukavutwa juu taratibu, ukatoka. Tik. Wa pili ukafuata. Hapakuwa na mkono. Hapakuwa na mtu. Paliguswa, pakavutwa, pakatulia, kama anavyofanya fundi anayemfumulia mteja nguo akiwa ameivaa na hataki kumchoma.

Fundi akashika kingo za kiti.

"Wewe mwanamke," alinong'ona. "Mume ulimwacha mwenyewe. Unataka nini kwangu?"

Tik. Tik. Tik.

Mkono wa gauni ukalegea, ukateleza, ukaanguka mapajani. Ukafuata wa kushoto. Uzi ukajiviringa hewani mbele ya macho yake, ukatua mezani. Fundi akabaki na mikono mitupu kwenye mwanga wa mchana, na kwenye mkono wa kulia alama nne za zambarau zilizoanza kuwa njano, na nyingine mpya chini yake, za juzi, ambazo hata dada hakuambiwa. Ilikuwa mara ya kwanza kuzitazama. Alikuwa amezoea kuvaa huku amegeukia ukuta.

Geti likalia. Ilikuwa saa saba.

Mpole aliingia, akafunga kufuli kwa ndani, akatia ufunguo mfukoni. Akasimama mlangoni mwa chumba cha kushonea. Aliangalia mabega ya mkewe, akaangalia dirisha lililo wazi.

"Nani amekuona hivyo?" aliuliza kwa sauti yake ileile ya chini.

"Muulize mkeo," Fundi alijibu. Wivu ulikuwa bado unaongoza ulimi. "Anaingia humu. Ndiye anayefumua nguo. Ulimwachia ufunguo?"

"Nani anaingia?"

"Mwenzangu. Unayemsifia kila siku. Amerudi."

Mpole alicheka. Kicheko kifupi, cha mtu aliyeambiwa jambo la kitoto.

"Hawezi," akasema.

Kama angesema harudi, Fundi angeendelea kugombana naye. Kama angesema hathubutu, mambo yangekuwa yaleyale. Lakini alisema hawezi, tena kwa utulivu, kama mtunza stoo anayejua kila kitu kilipo.

Fundi akatazama meza. Magauni manane. Yeye ambaye anajua kwa kutazama tu mwanamke ana nguo ngapi, ipi ya kutokea na ipi ya kushindia, alikaa na magauni yale siku saba akayapima, akayaonea wivu, akayavaa, na hakujiuliza hata mara moja swali ambalo kila fundi angejiuliza. Nguo nzuri zote ziko hapa. Sasa huyu mtu alitoroka amevaa nini? Nani anamkimbilia mpenzi wake akaacha mpaka gauni la kutokea?

Mtaa mzima haukuuliza. Ilitosha kusikia kwamba ana mwanamume.

"Yuko wapi?" Fundi akauliza.

Mpole aliangalia sakafu. Ni kufumba na kufumbua tu, macho yalishuka yakapanda, lakini Fundi aliona yalikoshukia. Yalishukia chini ya cherehani, pale ambapo saruji ilikuwa na rangi nyeupe kuliko kwingine.

Na Mpole akaona kwamba ameona.

Akaja. Hakukimbia. Alimshika mkono wa kulia, palepale pa siku zote, na mkono wake mwingine ukaenda shingoni. Fundi akapiga kelele, sauti haikutoka. Kiti kikaanguka. Alimwona karibu kabisa, uso umetulia, midomo inamwambia kitu polepole kuhusu dirisha na wanaume.

"Mwenzangu," Fundi akasema kwa pumzi iliyobaki. Hakumwita Mpole. "Mwenzangu. Nisamehe."

Ndipo aliposhikwa mkono wa kushoto.

Alishikwa juu ya kiwiko, na aliyeshika alikuwa na vidole vidogo, vya baridi, vyenye nguvu isiyoelezeka. Huku anavutwa na Mpole, huku anavutwa na mwingine. Mabega yakalia. Mpole akaangalia upande ule wa pili, na kile alichokiona kikamfanya apaze sauti kwa mara ya kwanza maishani mwake. Mkono wa kulia ukaachiwa.

Fundi hakumbuki korido. Hakumbuki geti. Anakumbuka jua, na vumbi, na Mama Sabuni, jirani wa mbele anayeuza sabuni barazani kwake, akinyanyuka amefungua mdomo. Alikuwa amesimama katikati ya njia bila viatu, mabega wazi, na mtaa mzima unamtazama mikono.

Mama Sabuni alivua mtandio wake. Akamkaribia, akataka kumfunika, halafu akasita. Akaangalia zile alama, akaangalia ile nyumba.

"Hapana," alisema. "Usijifunike, mwanangu. Acha waone." Akageukia waliokusanyika. "Tazameni vizuri. Na yule wa kwanza nilikuwa namwona na mikono mirefu kwenye joto, nikanyamaza. Leo sinyamazi."

Wakaita polisi. Geti ambalo Mama Sabuni anaapa kwamba lilikuwa wazi Fundi alipotoka, polisi walilikuta limefungwa, kufuli mahali pake, ufunguo mfukoni mwa Mpole. Walilivunja. Yeye walimkuta kwenye kona ya chumba cha kushonea, amejikunja, anaongea bila kukoma na mtu ambaye hawakumwona. Hakukataa lolote. Wakasogeza cherehani, wakachimba. Afisa mwanamke aliyesimamia kazi ile alitoka nje baada ya saa mbili, akakaa barazani kwa Mama Sabuni, akaomba maji. Walimpata.

Alizikwa Jumapili, na wanawake wa mtaa ule walijaa mpaka njia ikafungwa. Dada yake Fundi alikuja, akalia mbele za watu, akasema maneno aliyomwambia mdogo wake kwenye simu, yote, bila kuficha. Fundi hakumfukuza.

Sasa amerudi sokoni, kwenye fremu ileile. Anavaa nguo zisizo na mikono, masika na kiangazi. Alama za mkono wa kulia zilikwisha baada ya wiki tatu, daktari alimwambia hivyo na ikawa hivyo. Za mkono wa kushoto bado zipo, na sasa ni mwaka wa sita. Haziumi. Ni vidole vinne na gumba, vidogo, kama vimepigwa mhuri. Wateja wakisimama kupimwa huziona, na wale wanaojua kazi huangalia mara mbili, kwa sababu kwenye alama ya kidole cha kati, pale kwenye ncha, ngozi imechorwa vitundu vidogo vidogo vilivyopangwa kwa duara. Ni vitundu vya tondoo, kile kikofia cha chuma anachovaa mshonaji wa mkono ili sindano isimchome.

Fundi anashona kwa cherehani. Tondoo hajawahi kuwa nalo.