Kipimashari cha Mto Luhombwe

Siku Kipimashari kilipowashwa kwa mara ya kwanza, kilitangaza vita kabla watu hawajanywa chai.

Kilikuwa kimesimikwa katika chumba cha mitambo juu ya Bwawa la Kizimba, pale ambapo Mto Luhombwe unaiaga milima ya Jamhuri ya Ulemba na kuteremkia kwenye majaruba ya mpunga ya Jamhuri ya Nyamazi. Kwa umbo hakikuzidi kabati la vyombo. Usoni kilikuwa na duara la kioo lenye namba kuanzia sifuri hadi mia. Masikio yake, vidude vidogo kama punje za mtama, yalitundikwa kwenye nguzo, kwenye simu na kwenye milango ya ofisi, kilomita kumi kila upande wa mto. Yalisikiliza kila neno la wanadamu, na akili mnemba iliyokuwa tumboni mwa kabati ikapima neno hilo lina shari kiasi gani.

Mabunge ya nchi zote mbili yalikuwa yamechoka kugombania maji, yakakubaliana jambo moja: shari ikipita sitini, milango ya bwawa ijifunge yenyewe kwa siku kumi na nne, na asiwepo waziri wala jenerali wa kuifungua. Nyamazi wangekosa maji ya mpunga, na Ulemba wangekosa umeme, kwa kuwa mitambo ya umeme ilizungushwa na maji yaleyale. Kwa hiyo kila mmoja angeogopa kumchokoza mwenzake. Kwenye karatasi ilikuwa hesabu nzuri sana.

Asubuhi hiyo, saa kumi na mbili na nusu, Injinia Sikudhani Malekela, mkuu wa milango ya bwawa upande wa Ulemba, aliinua simu kama alivyofanya kila siku kwa miaka kumi na mmoja. Alimpigia Mzee Chakupewa Mtumbika, mgawa maji wa Nyamazi, ili amtajie kipimo cha maji cha siku hiyo.

"Mateka wangu, umeamka?"

"Nimeamka na nimeshaoga," akajibu Chakupewa. "Wewe je? Au zamu yako ya kuoga mwaka huu bado haijafika?"

"Nitaoga na nini, na maji yote nawapa nyie mkafugie vyura wa kitoweo? Leo napunguza. Nione mtakula nini."

"Punguza uone! Nitapanda huko nikuvue hicho kikofia chako cha uinjinia nikifanye sufuria."

"Karibu sana. Kaburi lako nimeshalichimba, limebaki la mama yako tu."

King'ora kililia hadi vioo vikatetemeka. Namba ikaruka ikatua kwenye tisini na moja. Milango mitano ya chuma ikashuka kwa kishindo, na kabati likasema kwa sauti laini ya mwalimu wa chekechea: "Tahadhari. Upande wa kwanza umetishia kunyima chakula. Upande wa pili umetishia uvamizi. Makaburi yametajwa. Tafadhali ondoeni watoto kando ya mto."

Dokta Petronila Ngaiza, mbunifu wa mashine hiyo, aliingia mbio na kikombe chake mkononi. Alikuwa msomi mpole ambaye hajawahi kumwambia mtu neno baya. Alipoelezwa, alishusha pumzi.

"Leo ni majaribio, nitaifungua milango mwenyewe. Kuanzia kesho hata mimi sitaweza. Injinia, mashine hii nimeilisha hotuba milioni tisa za nchi zilizowahi kupigana. Inaijua vita tangu ikiwa yai."

"Na utani je, umeilisha?"

"Utani hauna takwimu."

"Dokta, yule ni mtani wangu! Mababu zetu walipigana kwa ajili ya mto huuhuu mpaka wakachoka. Wakakaa chini, wakakubaliana kwamba vita iliyobaki watu wataimaliza kwa mdomo. Mpaka leo kila upande unadai ndio ulioteka wenzake. Ndiyo amani yetu hiyo."

"Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha," akajibu Dokta Petronila, na akasema kwa upole wa kweli, maana alikuwa amewahi kuona watu wakiuawa kwa ajili ya kisima.

Basi ikawa adabu. Kila asubuhi Sikudhani aliinua simu, akakohoa na kusema: "Mheshimiwa Mratibu wa Maji, nakutakia siku njema yenye afya tele." Naye Chakupewa akasema: "Nashukuru kwa ushirikiano wako." Namba ikashuka hadi tano, ikashuka hadi mbili. Dokta Petronila akaletewa nishani na shada la maua ya plastiki.

Siku ya nane Chakupewa alishindwa kujizuia. "Injinia," alinong'ona, "nimekukosea nini?"

Sikudhani aliitazama mashine, naye akahisi kuwa nayo inamtazama. "Hujanikosea kitu, Mheshimiwa," alisema, akakata simu. Alijiona mwongo na mjinga kwa mpigo.

Kisha Bi Havijawa, mama yake Chakupewa, akafariki dunia.

Hapo lazima ieleweke kazi ya mtani msibani. Mtani ndiye anayefika amevaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake. Ndiye anayelala kaburini akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na anayeiba vyombo jikoni. Ndiye anayemwambia mfiwa aache kulia kama mbuzi, hadi mfiwa acheke, na akishacheka ndipo machozi yake yanapopata njia. Msiba usio na watani huonekana kama marehemu hakuwa mtu wa kwao. Na mtani wa nyumba ile alikuwa Sikudhani.

Alikuwa ameshafunga vitu vyake Dokta Petronila alipomsimamia mlangoni.

"Ukienda kulala kaburini, namba itafika mia. Wanalima majaruba yao sasa. Siku kumi na nne bila maji, umewamaliza. Andika rambirambi."

Sikudhani aliandika rambirambi. Ilikuwa na maneno "pigo lisilomithilika", "ukurasa uliofungwa" na "kwa niaba ya menejimenti". Kipimashari kiliisoma na kuipa sifuri. Jibu la Chakupewa lilikuja jioni: "Nashukuru kwa ushirikiano wako." Sikudhani alilisoma jibu hilo mara tatu, akaingia stoo ya vipuri akalia peke yake.

Habari ya barua ile ilienea Nyamazi nzima. Walemba hawakuja msibani! Hakikuibwa hata kijiko! Vinywani mwa watu ikawa ni kikulacho ki nguoni mwako. Bungeni mheshimiwa mmoja alisimama akasema: "Mtu aliyekutukana miaka mia, leo anakuombea afya tele kila asubuhi, huyo ana lake jambo."  Nyamazi wakapeleka askari ukingoni. Ulemba walipowaona askari, nao wakapeleka wao, na angani vikajaa vinzi-doria, ndege ndogo zisizo na rubani. Watu waliopishana darajani wakawa wanapeana njia kwa heshima kubwa, kila mmoja ameshika mpini wa panga.

Kipimashari kilionyesha sifuri.

"Dokta, kuna vita," Sikudhani alisema.

"Injinia, kuna sifuri," alijibu Dokta Petronila, ingawa siku hizo alikuwa halali vizuri.

Ikafika arobaini ya Bi Havijawa. Miche ya mpunga ilikuwa imesimama vitaluni, tayari kuhamishiwa majarubani. Ikikosa maji siku tano, mwaka mzima umepotea. Sikudhani alijua hivyo kuliko mtu yeyote, kwani maji yenyewe alikuwa akiyapima kwa mkono wake. Alijua pia kwamba mpunga unaopandwa katikati ya majeshi mawili hauvunwi na mtu. Alikaa na mawazo hayo mawili hadi asubuhi ilipopambazuka, kisha akavaa gauni, akafunga mto wa kulalia kiunoni, akatafuta bakora na kopo la ugoro. Akawachukua Walemba ishirini waliokuwa na deni lilelile la msiba, wakavuka daraja mchana kweupe katikati ya mitutu ya bunduki.

Watu wa arobaini walikuwa wameketi uwanjani kimya. Chakupewa alikuwa kwenye kiti chake cha uvivu, amekonda, macho makavu. Sikudhani alimjia kwa mwendo ule wa Bi Havijawa, mguu mmoja ukikokota, akamchapa bakora ya bega.

"Toka kwenye kiti changu, wewe mtoto mvivu!"

 Sikudhani akaketi, akavuta ugoro, akapiga chafya ileile ya marehemu iliyokuwa ikiamsha kuku wa jirani.

"Nimerudi, Chakupewa. Huko ahera nimekataliwa mlangoni. Nimeulizwa, bibi, umezikwa na nani? Nikasema, nimezikwa na barua. Malaika wakasema, barua ya nani? Nikasema, ya yule injinia mchafu, mwoga, mwana wa waoga, aliyeogopa kabati." Hapo sauti yake mwenyewe ikapenya ndani ya sauti ya kuigiza. "Wakasema rudi kamchape kwanza, ndipo uje."

Akampa Chakupewa ile bakora, akageuza mgongo.

Chakupewa aliipokea bakora. Shangazi mmoja kizee, asiye na jino hata moja, ndiye aliyeanza: kicheko kilimtoka puani pamoja na uji. Chakupewa akamchapa Sikudhani kwenye ule mto wa kulalia, unyoya ukaruka, na uwanja mzima ukalipuka.

Matusi ya zaidi ya siku arobaini yalitoka kwa pamoja. Walemba waliiba sufuria ya pilau. Wanyamazi waliwakimbiza na kuwamwagia maji wakisema leo mtaoga mtake msitake. Simu ya Sikudhani ikalia.

"Mia!" Dokta Petronila alipiga kelele. "Imefika mia! Milango imeshuka! Umefanya nini?"

Kweli, ngurumo ya mto ilikuwa imekoma. Uwanja mzima ukageuka kutazama upande wa bwawa.

"Dokta," Sikudhani alisema, "kuna winchi ya mkono juu ya bwawa, ya mafundi wa kwanza. Mashine yako haina mkono juu yake. Inataka watu thelathini kuizungusha. Tunakuja."

Wakaondoka wote kupanda bwawani, sufuria ya pilau mbele. Ukingoni walimkuta kanali wa Nyamazi ameshika redio, jasho likimtiririka. Makao makuu yalikuwa yameiona ile mia.

"Kanali! Tumepata taarifa vita imeanza. Tunasubiri neno lako tupige. Unaona nini?"

Kanali aliutazama msafara. Mlemba mmoja alikuwa akimwambia Mnyamazi kwamba kichwa chake kinafaa kusagia karanga. Mnyamazi akajibu kuwa afadhali chake kina kazi.

"Mheshimiwa Jenerali," kanali alisema polepole, "wanatukanana."

"Wanatukanana?"

"Vibaya sana, mheshimiwa. Hata marehemu ametukanwa."

Redio ilikwaruza. Kisha ikasikika sauti ya mtu mzima akivua kofia.

"Alhamdulillahi. Rudisha vijana nyumbani wakapande mpunga."

Ng'ambo ya pili kanali wa Ulemba, ambaye naye alikuwa na masikio, alishaanza kukunja mahema.

Juu ya bwawa Kipimashari kilikuwa kikiwaomba watu wasalimu amri kwa sauti ya chekechea. Hakuna aliyekisikiliza. Winchi ilikuwa na kutu na mikono mirefu ya chuma, na watu wakaishika wakipishana, Mlemba, Mnyamazi, Mlemba, Mnyamazi. Dokta Petronila alisimama mlangoni, duara la mia likimulika nyuma ya kisogo chake.

"Wewe msomi," akaita Chakupewa, "unatutazama kama tuko sinema? Huko kwenu hamna mikono?"

Dokta Petronila alifungua mdomo ili ajibu kwa adabu. Kisha akaiweka chini nishani yake. "Mikono tunayo, babu. Tulikuwa tunasubiri wazee wachoke," alisema. Lilikuwa tusi lake la kwanza maishani. Wakamshangilia, wakamwachia nafasi.

Wakasukuma. Winchi ilikataa, ikalia, ikakubali. Chini yao mlango wa kwanza ukainuka upana wa kiganja, maji yakachungulia, yakaanza kuruka kuelekea majarubani. Hapo ndipo Chakupewa alipoanza kulia. Alilia kwa sauti kubwa, paji la uso likiwa juu ya chuma, kilio cha mtoto aliyefiwa na mama asubuhi hiyohiyo. Ilikuwa mara yake ya kwanza tangu mazishi. Walemba waliokuwa kando yake wakalegeza mikono kwa huruma, na mlango ukaanza kurudi chini.

"Sukumeni!" alifoka Chakupewa, kamasi zikimtoka. "Nani kawaambia mpumzike, wavivu wakubwa nyie? Mimi nalia. Nyie sukumeni."