Kioo cha Babu Dirishani

Kila akitoka shule, Chiriku hupitia maabara ya hospitali kumsubiri shangazi yake, anayefanya kazi humo, warudi nyumbani pamoja. Jina hilo alipewa na babu yake, maana mdomo wa mjukuu huyo haukujua kupumzika.

Siku hiyo hakuwa na raha. Babu alikuwa amekohoa kwa wiki kadhaa, na makohozi yake yalikuwa yamepakwa kwenye kioo chembamba na kutiwa rangi ya pekee. Vijidudu vya kifua kikuu hufyonza rangi hiyo, kisha hung'aa chini ya taa ya darubini.

"Vioo havitoki kwenye kisanduku," shangazi alionya. "Rangi hii haipatani na mwanga, hufifia." Akatoka kwenda kupokea sampuli nyingine.

Sikio la kufa halisikii dawa. Chiriku alikitoa kioo cha Babu, akakiinua dirishani penye jua kali. Hakuona chochote kinachong'aa. Akakiacha hapo, akaenda kupiga soga na mama mfagizi. Alipokumbuka, muda mrefu ulikuwa umepita. Akakirudisha mbiombio.

Shangazi alirudi, akazima taa ya chumba, akainamia darubini. Alitafuta, akatafuta tena. Kisha akacheka huku machozi yakimlengalenga.

"Baba yangu hana kifua kikuu! Ngoja nimpigie simu."

Chiriku alikumbuka onyo kwamba rangi hufifia kwenye mwanga. Akinyamaza, hakuna atakayejua. Lakini Babu hatapewa dawa.

"Shangazi, usipige! Kioo cha Babu nilikiweka juani. Nisamehe."

Shangazi aliiweka simu chini. Kisha akachukua makohozi yaliyobaki, akatengeneza kioo kingine. Safari hii vijiti vya manjano viling'aa gizani kama cheche za jikoni. Babu alikuwa mgonjwa kweli.

Chiriku aliangua kilio. Shangazi akamvuta kifuani.

"Umenikosea kufungua kisanduku, mwanangu. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Ukikosea, sema mapema, wakati bado panatengenezeka. Babu ataanza dawa kesho, na akizimaliza zote atapona."

Kesho yake Babu alimeza vidonge vyake vya kwanza, akamtazama mjukuu wake kwa upendo.

"Siku zote nakuambia unyamaze, Chiriku," alisema. "Nashukuru jana hukunisikia."