Kiolezo cha O

Jua lilikuwa linazama fundi wa mabango alipopanda ngazi kuandika neno MAGODORO juu ya duka. Mwenye duka alitaka herufi nene, zisizo na vikia wala madoido, zisomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Herufi za namna hiyo fundi alikuwa nazo: violezo vya mbao vya marehemu kaka yake, alivyovichukua kwa nguvu siku ya mazishi, shemeji yake akimlaani mlangoni. Hakujali. Kaka alimnyima vitu hivyo miaka yote, na kinyongo alichokuwa nacho kingewatosha watu wawili.

Tena alifurahi kumkuta marehemu na kosa. O ilikuwa imezidi wenzake juu na chini, unene wa kucha tu. Yeye ni mtu wa rula. Kabla ya kutoka nyumbani aliipiga tupa mpaka ikalingana na nyingine, na unga wa mbao akautupia jikoni, motoni.

Alipomaliza O ya kwanza alishuka, akavuka barabara kuitazama.

Ilikuwa imenywea.

Akavuta kola ya shati. Ilimbana... shati lilelile la kila siku. Akarudi juu, akapima. Sawa kabisa. Akavuka tena. O ilikuwa imezidi kunywea, na kutoka ndani yake ikasikika... fff... fff... pumzi ya mtu anayevuta hewa kwa taabu. Harufu ya dawa ya kifua ikamjia puani. Kaka alikufa akinuka dawa hiyo.

Akafungua kola yote.

Haikuwa kola.

Nyumba ya shemeji ilikuwa mwisho wa barabara hiyohiyo. Alifika akihema, kiolezo mkononi. Mjane alikipokea, akapitisha kidole ukingoni polepole.

"Umeikata."

Fundi akaitikia kwa kichwa.

"Hii ilipimwa shingoni mwa kaka yako," mjane akanong'ona. "Aliyempima sikumwona, na sikuuliza. Mume wangu aliniambia tu isipunguzwe kamwe. Ile ziada ndiyo nafasi ya pumzi ya anayeichora." Akamtazama. "Unga wake uko wapi?"

"Nimeuchoma."

Mjane hakusikitika hata kidogo; alikuwa na uso wa mtu aliyeletewa haki yake mlangoni. Fundi, sauti ikimkwama, akasema hatachora O nyingine. Hata hiyo moja ataifuta sasa hivi, yaishe.

"Geuka uangalie, shemeji."

Akageuka. Kule mbali, chini ya taa ya duka, neno lilisomeka bila shida, kama herufi zile zilivyokusudiwa.

MAGODORO.

Lilikuwa limekamilika, jeusi, na rangi mbichi iking'aa. Ngazini hapakuwa na mtu. Na O zote tatu zilikuwa zinajifumba... taratibu...

Alifungua mdomo amwombe shemeji yake msamaha. Hewa haikutosha neno zima.

Nyuma yake, komeo la mlango likaingia mahali pake.