Kirusi cha Mourine Kilitoka Wapi?

Dorine alianika nguo, akaanua zikiwa bado mbichi, akaanika tena. Ndani ya chumba chao cha kupanga pale Makongeni, bintiye Mourine alikuwa akijikuna malengelenge ya tetekuwanga. Na juzi tu Dorine mwenyewe alimpeleka kuchanjwa dhidi ya ugonjwa huohuo!

"Nimemletea mtoto wangu ugonjwa," alijilaumu. Aliapa kwamba mdogo wake Mourine, Philip, hatachanjwa kamwe.

Muuguzi Wamboi wa kliniki alipokuja kumwona Mourine aliomba kuchukua maji ya lengelenge moja, yapelekwe maabara.

"Ya nini tena, sista? Si tunajua ni tetekuwanga?"

"Lakini hatujui ni kirusi gani, mama Mourine. Kile cha chanjo kimedhoofishwa, kina alama zake kwenye jeni. Cha mtaani nacho kina zake, na kina koo tofauti, vile sisi watu tuko na koo. Maabara itasoma jeni, ituambie. Saa hii, Philip akae kwa nyanya yake."

Subira huvuta heri, lakini Dorine hakuwa nayo. Alimsumbua Wamboi kwa simu mpaka majibu yakaja. Siku hiyo wifi yake, Nekoye wa Ruiru, alikuwa amekuja kumjulia hali Mourine, ambaye sasa alikuwa amepona.

"Si cha chanjo," Wamboi alisema alipoyaleta. "Ni cha mtaani. Kilimwingia kabla chanjo haijapata nguvu. Alikuwa wapi kabla ya kuchanjwa?"

"Ruiru, kwa wifi yangu huyu. Alienda likizo."

Nekoye aliinama. "Mtoto wangu mkubwa alikuwa na vipele. Nikawalaza kitanda kimoja, wapate wote mara moja, tumalizane nayo. Kwetu tulilelewa hivyo."

"Na ukanyamaza, mimi nikijilaumu hivi!" Dorine alimfokea.

"Niliogopa, wifi. Nisamehe."

"Msifanye hivyo tena," Wamboi alionya. "Mtoto mchanga au mama mjamzito anaweza kuumia vibaya. Mwenye vipele akae kando mpaka vyote vikauke."

Dorine aliinuka. Alienda kwa nyanya, akamchukua Philip, akampeleka kliniki moja kwa moja kuchanjwa. Nekoye alifuata nyuma.

Muhula uliofuata tetekuwanga ilizuka chekechea alikosoma Philip. Philip hakutoka hata kipele. Nekoye alipopata habari, alipiga simu kutoka Ruiru.

"Wifi, nina huyu wangu mdogo. Nimlete kliniki lini?"

"Leo," Dorine akasema.