Pointi ya Mwisho ya Uwanja wa Nne

Ilianza na harufu. Ukumbi mzima wa badminton ulinuka raba na jasho, lakini uwanja wa nne, ambao haukuwa na mtu, ulinuka mafuta ya kuchua, kana kwamba kuna mchezaji aliyetoka kupaka miguu sasa hivi.

Bu Ratmi na bintiye Wening walikuwa safarini kurudi kwao Solo, wakapitia kambi ya mabingwa yenye ukumbi huo kule Bandung, wajionee tu. Wening alikuwa na miaka kumi na minne, ana kipaji na ana kiburi, na kiburi ndicho kilichozidi. Hata akifungwa mchezo na mama yake uani, alikuwa akinuna mpaka kesho.

"Kwenye uwanja huu hatuchezi ovyo," alisema Pak Ujang, kocha mzee aliyekuwa akiwatembeza. "Pana mwenyewe. Tukifunga jioni, anayetoka mwisho humwachia pointi moja. Anapiga kipira nje makusudi, anaaga, anazima taa."

Wening akacheka. "Kila siku mnamwachia? Ndiyo maana siku hizi mnafungwa hovyo!"

"Wening!" mama alimkemea.

"Chunga mdomo, mtoto wewe," alisema Pak Ujang, na hakuwa akitania.

Adhana ya magharibi ikaanza. Wakubwa wakageuka kuelekea mlangoni. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Wening akaokota raketi na kipira cha manyoya, akakipiga kwa mkono wa kulia, kikavuka wavu.

Kikarudi.

Akakipiga tena, kikarudi tena, kwa nguvu zaidi, na upande wa pili hapakuwa na mtu ila mlio wa viatu vikisugua sakafu.

"Usikimbie!" Pak Ujang alinong'ona. "Umeshamkaribisha, lazima umalize. Lakini ya mwisho mwachie yeye. Ukimshinda, hutoki humu."

Wakacheza, na harufu ya mafuta ikazidi mpaka Bu Ratmi akaziba pua, na kila kipira kikawa kinarudi kama kilichopigwa na mtu wa mkono wa kushoto, na pumzi za mtu asiyeonekana zikasikika zikipanda na kushuka karibu na wavu, na mama masikini akasoma kila aya aliyoijua na nyingine akazichanganya, macho yake hayabanduki kwa mwanawe, mpaka ikabaki pointi moja tu.

"Mwanangu, piga nje! Nakuomba, mwachie!"

"Nimwachie? Mimi?"

Akaruka, akakikandamiza kipira sakafuni upande wa pili. Taa zikazimika.

Zilipowaka, Wening alikuwa amesimama ng'ambo ya wavu, anatabasamu.

"Twende nyumbani, mama," alisema.

Bu Ratmi alimkumbatia akilia kwa furaha. Alhamdulillah, mtoto mzima!

Kesho yake, huko Solo, walikuwa wanakula wali na tempe ya soya, simu ilipolia.

"Bu," ilikuwa sauti ya Pak Ujang, ya chini sana, "Wening yuko hapo?"

"Yupo, tunakula."

"Mtazame vizuri, Bu. Kuna mtoto analia uwanja wa nne. Hatumwoni. Anaita mama, anasema umemwacha."

Bu Ratmi akainua macho. Bintiye alikuwa anafinyanga tonge taratibu, kwa mkono wa kushoto.

"Ni Pak Ujang, siyo?" msichana aliuliza kwa upole. "Mwambie aage, azime taa."