Jina Alilopewa Kombo

Jioni ile nilitumwa kufuata maziwa ya ng'ombe kwa mama Heche. Lita moja tu. Kichanga wa dada yangu Akinyi, mwenye umri wa siku tisa, alikuwa na siku mbili hajagusa ziwa.

Nilitumwa mimi, Elkana, mwenye digrii ya ualimu, hesabu na fizikia, kwa sababu ndimi mtu mzima pekee asiye na kazi. Mwaka wa nne natuma CV kwa watu wasiojibu hata "tumepokea". Seriously. Nauza midoli hapa mpakani Sirari. Midoli ya katuni ya Mseto, ile watoto wanayoangalia kwenye simu: wanyama wawili wanaruka ndani ya chungu, anatoka mmoja mwenye nguvu za wote. Wakikosea hatua, anatoka kombo. Kichwa upande, miguu haipatani, anajamba na kuanguka. Watoto wanacheka mpaka wanajikojolea.

Kombo niliyempa mpwa wangu Bernadetha, binti wa Akinyi wa miaka sita, alikuwa fisi aliyeungana vibaya na kambale. Mpira laini, rangi ya kamasi. Ndevu nne mdomoni. Manyoya mgongoni mabaka mabaka, kama mbwa mwenye ukurutu. Alikuwa anachukiza hata kwa kombo. Hakuuzika, ndiyo maana nikagawa.

Narudi na dumu langu, giza linaingia. Mlangoni harufu ikanipiga. Maziwa yaliyochacha... na chini yake, tope la samaki.

Sebuleni alikaa Waya Philomena, shangazi wa shemeji yangu Odoyo. Odoyo mwenyewe yuko Migori kwa biashara.

"Shikamoo, Waya."

"Marahaba. Punguza sauti."

Kutoka chumbani nikasikia.

Nyup. Nyup. Nyup.

Nikashusha pumzi. "Afadhali. Ananyonya."

Waya akafunua khanga mapajani mwake. Kichanga alikuwa pale, macho wazi, midomo imekauka.

"Sasa kule ndani ananyonya nani?"

Akaelekeza kidevu kwenye pazia la chumbani.

Nikasogeza pazia. Akinyi amelala ubavu, hoi, blauzi wazi. Bernadetha amekaa miguuni pake, ametulia kama yuko kanisani. Na kwenye ziwa...

Kombo.

Mdomo ule naujua. Umechorwa tu kiwandani, hauna tundu. Nimeuza kombo wengine thelathini wenye mdomo kama huo. Sasa ulikuwa wazi, mashavu yanacheza, ndevu zimegandana na ngozi ya dada yangu. Ute wa kijivu ulichuruzika mpaka kwenye shuka.

 

Nilimng'oa. Alitoka kwa mlio wa buti linalochomoka topeni. Alikuwa wa moto, tumbo linacheza maji. Akanibeulia usoni.

"Mjomba, usimshike hivyo," Bernadetha akanong'ona. "Huyo ni bibi."

"Bibi gani?"

"Nilimwita Akech. Akafumbua mdomo."

Kwetu Wajaluo, mtoto akisumbua, majina ya marehemu hutajwa amewekwa kwenye ziwa. Jina atakaloshikia chuchu, huyo ndiye aliyerudi. Akinyi alikuwa ametaja ukoo mzima. Isipokuwa mmoja. Akech, mama yake Odoyo, aliyemwaga mboga ya Akinyi mbele ya wageni akasema hata mbwa wake wana heshima zao. Alikufa mwaka jana. Akinyi hakulia.

Alikuwa ameamka sasa, anajiangalia kifua.

"Nilisema hilo jina lisitajwe nyumbani kwangu."

"Ndiyo umeona sasa," Waya akasema akiwa kwenye pazia, kichanga mikononi. "Mama wa watu kakaa nje siku tisa anasubiri kuitwa. Mtoto wako ana adabu kukuzidi. Kamkaribisha."

"Kwenye mdoli, Waya?"

"Alipoitwa ndipo alipoingia."

My friend, mimi ni mtu wa fizikia. Nikachukua kisu cha mboga, nikamlaza yule mdudu juu ya meza, nikachoma tumbo. Ncha ilizama kidogo tu.

Nyuma yangu, kimya.

"Elkana." Sauti ya Waya ilikuwa ndogo sana. "Mtoto hapumui."

Nikachomoa. Kichanga akavuta hewa, akakohoa.

Chuoni walitufundisha kurudia jaribio mara tatu. Sikurudia.

Akinyi akampokea mwanawe, akamweka kushoto. Mtoto akageuza uso. Akamweka tena. Akageuza. Hata kulia hakuwa na nguvu.

Dada yangu akamwangalia kombo pale mezani.

"Mlete."

"Dada..."

"Unataka nimzike mtoto kwa sababu ya kinyaa? Mlete."

Nikampelekea, kwa mikono yangu miwili. Akinyi akafungua upande wa kulia, akafumba macho.

"Donji, mama," akasema. "Ingia. Karibu, Akech."

Mdomo ukapanuka. Sekunde hiyo hiyo, kichanga naye akashika.

Nyup. Nyup.

Wawili.

Leo ni wiki ya tatu. Nesi wa kliniki anasifu uzito. Kwenye kadi ameandikwa Akech. Anashiba, lakini akinyonya peke yake anatapika yote.

Jana Akinyi aliniomba nimshike yule mwingine, apumzike kidogo. Ameongezeka. Yale mabaka mgongoni yamejaa, na si manyoya tena. Ni nywele. Zina mvi.

Waya anasema tusihofu, bado ni wachanga. Wataota meno pamoja.