Maneno ya Java Niliyomwachia Priska

"Makosa mia moja na kumi na nne!!"

Jamani... kompyuta yangu imeandika hivyo, skrini yote nyekundu! Na mbele yangu wanachama arobaini wa kikundi cha viazi, kule Njombe, wamenikodolea macho.

"Mzee Kornelio, mashine yako inatapika damu," akasema mwenyekiti, Nahumu.

Ukumbi mzima kicheko.

Mimi huyu! Niliyewahi kusimamisha treni ya mizigo huku Makambako kwa mluzi tu. Nilipostaafu nikajifundisha Java, lugha ya kompyuta, peke yangu, nikaandika programu ya kupanga foleni ya ghala. Aliyejiandikisha kwanza, mbegu zake zinaingia kwanza. Basi!

Na wa kwanza alikuwa mdogo wangu Priska, mjane. Mbegu zake ziko nje, na baridi hii ya Juni... Siku hiyo tulikuwa tunapiga kura: foleni ipangwe na programu yangu, au na daftari la Nahumu, ambamo shemeji zake Nahumu ndio hutangulia kila mwaka.

Nikasogelea skrini.

Palipokuwa na class pameandikwa darasa. Return imekuwa rudisha. New... mpya!

Wasomaji wangu, Java ina maneno iliyojitengea yenyewe. Hayatafsiriwi. Ukiyagusa haikuelewi, hata ulie.

"Nahumu, umenihujumu! Umeingia kwenye kompyuta yangu!"

"Mimi? Mzee, mimi hata simu nawashiwa na mke wangu!"

Kicheko tena.

Priska akasimama.

"Kaka... ni mimi."

"Wewe?!"

"Si uliniachia kompyuta Jumapili? Ukasema kikundi hakipitishi kitu mpaka kisomwe kwa Kiswahili, mstari kwa mstari. Ukasema nitafsiri kila neno. Nimetafsiri siku tatu, kaka. Sikubakiza hata moja."

Ni kweli nilisema! Nilimaanisha yale maelezo ya pembeni tu, ambayo kompyuta haiyasomi... ila sikumwambia.

"Nipeni siku mbili nirekebishe," nikaomba.

"Kura ni leo," akasema Nahumu.

Mikono thelathini na sita ikaenda kwa daftari.

Ghala likajaa kabla ya zamu ya Priska. Mbegu zake zikapigwa na baridi, zikaoza zote. Mwaka huu hapandi.

Nilitafuta adui ukumbi mzima, kumbe amri ilitoka kinywani mwangu. Ukimwachia mtu kazi yako, mwonyeshe kwanza asichotakiwa kugusa.

Jana Priska kanipigia simu huku Makambako ninakoishi.

"Nisamehe, kaka, nimekuharibia."

Yeye ndiye anaomba msamaha... Nikakata simu kwa aibu.